Nani Anamaliza Betri ya Bibi Harusi

Chumba cha mbele,
Nyumbani kwenu.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka kwenye meza ileile yenye mguu mfupi, ambayo uliahidi kuitengeneza na mpaka leo inasimama kwa hisani ya gazeti lililokunjwa. Hujambo huko? Mafua uliyoyalalamikia yamekwisha, au bado unaongea kwa pua? Unakula kwa wakati, au unashindia chai na biskuti kama ulivyokuwa ukifanya siku za mitihani? Kazini wanakutendea vizuri? Nijibu maswali haya moja moja. Usinijibu yote kwa neno moja la "salama," kwa sababu neno hilo nimeanza kulitilia shaka, kama utakavyoona.

Kwa kawaida hapa ndipo ninapoandika kwamba sisi sote huku ni wazima. Ukizirudia barua zangu zote utaikuta sentensi hiyo mahali pake, kama muhuri. Leo sitaiandika. Usishtuke, hakuna msiba wala mtu aliyelazwa. Ila nimegundua kwamba nilikuwa naiandika kwa mazoea tu, bila kumtazama mtu usoni, na mwalimu wa sayansi hapaswi kuandika jambo ambalo hakulipima. Habari za afya zitakuja, lakini zitakuja mahali pake. Nakuomba usiruke kurasa.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nimekaa, nikaisoma tena nimesimama. Umeandika kwa hasira, na sikulaumu, maana hasira hiyo chanzo chake ni mimi niliyekupelekea habari nusu. Umeniagiza nimwite shemeji yako, nimwambie kwa niaba yako ahame vyumba vya uani kabla mwezi haujaisha, na dada yako achague mwenyewe kumfuata mume wake au kubaki. Neno hilo sijalifikisha. Limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nataka ujue kwa nini, na nikishamaliza kukueleza, uamuzi utakuwa wako.

Tuanzie kwenye gari lenyewe. Ulipoondoka ulituachia gari lako la spoti bandani, umelifunika shuka lile jeupe kutoka puani hadi mkiani. Dada yako ndiye aliyelipa jina. Alisimama mlangoni na kikapu cha nguo mkononi, akasema, "Haya, Bibi Harusi huyo kafunikwa shela, haguswi, halishwi, na bwana harusi kasafiri." Tangu siku hiyo hakuna anayeliita gari. Hata mama yako husema, "Nendeni mkamwangalie Bibi Harusi kama hajavujiwa na mvua."

Uliniachia ufunguo mmoja, wa pili ukaondoka nao. Uliniachia pia ile chaja ndogo inayokaa sakafuni pembeni ya ukuta, waya wake ukipita chini ya boneti hadi kwenye betri. Maelekezo yako yalikuwa mafupi mno kwa mtu kama mimi ninayependa maelezo. Ulisema, "Mjomba, ukiona taa inawaka, lala usingizi." Basi. Kila nilipopita bandani nilichungulia, nikaona taa inawaka, nikaenda kulala usingizi.

Siku ya kwanza betri ilipokufa nilidhani ni bahati mbaya. Nilikwenda kufungua gari ili niiwashe injini kidogo, kama tulivyokubaliana, na ufunguo ukabonyezwa bila jibu. Bibi Harusi kimya. Taa ya chaja inawaka, gari limekufa. Nikamwita yule fundi umeme wa mtaa wa nyuma, tunayemwita Fundi Waya. Alifungua boneti ya mbele kwa madaha, akainama, kisha akaruka nyuma huku ameshika kichwa. "Mwalimu! Mmeibiwa! Injini yote imechukuliwa!" Ilibidi nimshike mkono nimpeleke nyuma ya gari, nimwonyeshe injini ilipo, na nimweleze kwamba kuna magari ambayo buti lake liko mbele. Dada yako alicheka mpaka akakaa chini. Fundi mwenyewe hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba gari la namna hiyo haliwezi kuwa na tabia nzuri.

Akaipa betri nguvu, gari likawaka, likanguruma, tukafurahi. Haukupita muda mrefu, betri ikafa tena. Akaja tena, na safari hii akaitazama betri kwa jicho ambalo sikulipenda. "Hii imezeeka," akasema. "Niachie niiondoe, nitakutafutia mahali pa kuitupa." Mimi nikajiuliza: mtu anayetupa vitu mbona anaukwangua mfuniko wake kwa kucha asome imetengenezwa mwaka gani? Tangu hapo akija nilikuwa nasimama naye bega kwa bega mpaka aondoke. Huyo alikuwa mshukiwa wangu wa kwanza. Nilimwachia pale tu betri ilipokufa mara nyingine yeye akiwa kaenda kazi ya mbali, mlango wa banda haujaona kivuli chake.

Hapa nivumilie nikufundishe kidogo, ingawa utasema unajua. Ndani ya betri kuna sahani za madini ya risasi zilizozama kwenye maji ya asidi. Ukitumia umeme wake bila kuurudisha, sahani hizo huota ukoko mweupe. Ukoko ukiwa mpya, chaja huuondoa. Ukiachwa, hukomaa kama ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni, na hapo betri haishibi tena hata uilishe vipi. Tena magari ya zamani yalikuwa yakizimwa yanalala kama gogo. Hili lako linalala jicho moja wazi: king'ora kinasikiliza, saa inahesabu, milango inamsubiri mwenye ufunguo. Kwa hiyo hata likisimama tu, linakula. Ndiyo maana ya chaja kulilisha kijiko kijiko. Sasa, kama chaja inalisha na betri bado inakufa, basi kuna mdomo mwingine unaokula. Hesabu haina njia nyingine. Nilianza kumtafuta mwenye huo mdomo.

Nilitazama namba ya kilomita. Ilikuwa ileile uliyoiacha. Gari halikutoka. Nilitazama kiti cha dereva. Kilikuwa kama ulivyokiacha, kimenyooka kama mtu aliye kwenye usaili. Lakini kiti cha abiria kilikuwa kimelazwa nyuma. Na nilipoingiza kichwa ndani nilinusa dawa ya kuchua, ile kali inayowasha macho.

Ndugu yangu, hapo damu ilinichemka. Ndani ya nyumba hii ni mtu mmoja tu anayejulikana kwa dawa hiyo, naye ni shemeji yako. Anaendesha gari la mikate, anabeba makreti tangu alfajiri, na jioni dada yako humchua mabega mpaka vyumba vya uani vyote vinanukia. Tena ni yeye peke yake hapa mwenye leseni ya udereva iliyo hai, maana yangu ilikufa pamoja na macho yangu. Gari lisilotembea, kiti cha abiria kilicholazwa, harufu ya dawa yake. Nikawaza mambo ambayo mjomba hapendi kuyawaza kuhusu mume wa mpwa wake. Analazia nani kiti? Anasikiliza naye redio gani? Niliyaandika hayo kwenye barua iliyopita, nikayaandika kwa uangalifu, bila kumtaja mtu. Lakini nilipanga dalili kwa namna ambayo mtu yeyote angetoa hukumu, nawe ukaitoa.

Kabla barua yako haijafika nilimwita shemeji yako hapa chumbani. Nilimkaribisha chai. Alikaa ukingoni mwa kiti, na unga wa mikate bado kwenye nyusi. Nikamzungusha kwa maneno ya mbali: gari, betri, gharama ya vitu vya kisasa. Alikuwa ananifuata vizuri tu, hata akatania, "Mjomba, mimi lile gari naliogopa. Nikipita karibu nalo nafunga vifungo vya shati." Nikacheka. Kisha nikamtupia neno lenyewe.

"Ndani yake kunanuka dawa ya kuchua. Kiti cha abiria."

Uso wake ukabadilika palepale. Akaweka kikombe chini. Akatazama mlango, akatazama mikono yake.

"Basi ni mimi, Mjomba," akasema.

"Ni wewe unafanya nini?"

"Ni mimi. Usiniulize zaidi. Kama kuna la kuhama, niambie tu mapema nitafute chumba."

Nilimwambia aeleze. Akainuka, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akatoka. Nami nikabaki nimeridhika kama hakimu aliyepata ungamo. Lakini usiku ule usingizi haukunijia vizuri. Kwa miaka yote niliyofundisha, nimewahi kuwasikiliza wanafunzi wengi wakikiri. Mwenye kosa hukiri akiwa na sababu mkononi: nilisukumwa, nilisahau, fulani alinituma. Huyu alikiri bila sababu hata moja. Mtu anayekiri kirahisi namna hiyo ama ni mjanja kupita kiasi, ama anamfunika mtu. Sikujua ni lipi, na nikaanza kushuku ungamo lenyewe.

Nikarudi kwenye mbinu za darasani. Nilikuwa na sanduku la chaki zilizobaki tangu nistaafu. Nikazisaga, nikanyunyiza unga wake mwembamba kwenye sakafu ya banda kuzunguka gari, kwa ungo wa jikoni ambao mama yako aliutafuta siku hiyo nzima. Kesho yake mchana nikaenda kutazama.

Nyayo zilikuwepo. Hazikuwa za viatu vya kazi vya shemeji yako, vyenye soli kama matairi. Zilikuwa za kandambili, ndogo. Mguu wa kulia ulikuwa umekanyaga vizuri. Wa kushoto haukukanyaga, uliburuzwa, ukaacha mstari mrefu kwenye chaki, kama mtoto anayejifunza kuandika namba moja. Na mbele ya soketi ya ukutani kulikuwa na alama za kusimama kwa muda.

Nilizitazama nyayo zile kwa muda mrefu. Kandambili nilizijua. Mburuzo sikuujua, na ndio ulionitisha.

Kuna chumba kidogo cha stoo kinachopakana na banda, chenye mlango wa mbao zilizoachana. Unakikumbuka, ndimo ulimojificha ulipovunja dirisha la jirani. Baada ya chakula cha mchana, wakati dada yako yuko kwenye cherehani yake na shemeji yako hajarudi, nikaingia humo nikakaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Mzee mzima, mvi kichwa kizima, nimejibanza stoo kumvizia mwizi wa umeme. Nilijionea aibu kidogo, lakini nilikaa.

Mlango wa banda ukafunguliwa polepole. Aliyeingia ni mama yako.

Alifunga mlango nyuma yake. Akaegemea ukuta, akavuta pumzi, akasogea mpaka kwenye soketi huku mguu wa kushoto ukimfuata nyuma. Akafuta mikono kwa kitambaa kikavu, akafunika plagi ya chaja kwa kitambaa hichohicho, akaichomoa. Kisha akatoa ufunguo kwenye kanga yake. Ufunguo wangu. Ule ninaouficha kwenye mfuko wa ndani wa suti yangu nyeusi, kabatini, mahali ambapo niliapa kwamba hakuna binadamu anayepajua. Na ni nani anayeipiga pasi suti hiyo? Nilikuwa nimewashuku watu wote wanaoingia katika nyumba hii, hata aliyekuja kusoma mita ya maji. Dada yangu sikumweka hata mwishoni mwa foleni.

Akainua shela kwa adabu, akafungua mlango wa abiria. Ulivyo mfupi ule mlango unajua mwenyewe. Aliingia kama mtu anayejimimina: kwanza mkono, kisha nyonga, kisha akaukamata mguu wa kushoto kwa mikono yote miwili akauinua kuuweka ndani. Sauti aliyoitoa hapo sitaiandika. Akanyoosha mkono akabonyeza pa kuwashia, dashibodi ikawaka. Akabonyeza kitufe kingine. Akakilaza kiti. Akafumba macho.

Unakijua kitufe hicho. Kina picha ya kiti na mistari mitatu ya mvuke. Wewe ndiye uliyemwonyesha, asubuhi ile ya baridi ulipompeleka kwa daktari wa macho, akarudi anasimulia nyumba nzima kwamba gari la mwanawe linapasha mtu mgongo kama pasi. Kati yetu sote hakuna mwingine aliyejua kwamba kiti hicho kina moto ndani yake.

Nilitoka stoo. Nilikusudia kutoka kwa heshima, lakini ndoo ikaanguka.

"Kaka!" akapiga kelele. "Unanivizia kama mwizi wa kuku!"

"Mwenye kuibiwa ndiye anayevizia," nikamwambia. "Mgongo una nini?"

"Mgongo gani?"

"Huo unaoupikia humo."

Akajaribu kucheka, kicheko kikamuuma. Ndipo akanieleza. Alianguka kutoka kwenye stuli alipokuwa akitundika mapazia ya sebuleni. Shemeji yako ndiye aliyemkuta sakafuni, alipoingia kuleta mikate iliyobaki. Akamwinua, akampa chupa yake ya dawa ya kuchua, akamwomba wamwite dada yako. Mama yako akakataa. Alimwapisha mkwe wake pale pale kwamba hatamwambia mtu, si mke wake, si mimi, na hasa si wewe.

"Kwa nini hasa si yeye?" nikamuuliza.

"Kwa sababu atakuja," akasema. "Namjua mwanangu. Atafunga begi usiku huohuo, kazi yake ya mafunzo itaishia nusu, halafu atakaa hapa ananitazama mgongo. Mgongo ni wangu. Nitautazama mwenyewe."

"Na kuchomoa chaja?"

"We kaka, umesoma halafu unauliza! Nikae ndani ya kitu kilichochomekwa ukutani? Nikaangwe?" Akanionyesha kitambaa chake. "Lakini naichomeka tena kila nikitoka. Nahakikisha taa imewaka. Mimi si mtu wa kuharibu cha mtu."

Hapo ndipo kila kitu kilipofunguka, mpwa wangu, nami nakuomba ulisome hili taratibu kwa sababu ndilo lililotaka kuivunja nyumba yetu. Nilipiga magoti mbele ya ile chaja nikaitazama kama nilivyopaswa kuitazama tangu mwanzo. Ina taa mbili. Ya bluu inasema tu kwamba umeme wa ukutani umefika. Ya kijani ndiyo inayosema kwamba betri inalishwa. Chaja ikichomolewa na kuchomekwa tena, husahau ilichokuwa inafanya. Inawasha taa ya bluu na kukaa, inasubiri mtu abonyeze kitufe kuiambia ianze. Mama yako aliirudisha kwa uaminifu wote, akaona taa inawaka, akaenda zake. Mimi nikapita, nikaona taa inawaka, nikaenda kulala usingizi kama ulivyoniagiza. Kumbe kiti kilikuwa kinakunywa umeme mchana, na usiku hakuna aliyekuwa anaurudisha. Hata umeme wa mtaa ukikatika na kurudi itatokea vilevile, kwa hiyo siku nyingine ukimwachia mtu chaja, usimwambie habari ya taa. Mwambie habari ya rangi.

Mama yako alinisikiliza, kisha akasema, "Basi yamekwisha. Mwandikie kwamba panya walikata waya."

"Panya gani anayelaza kiti cha abiria?"

"Andika unavyojua wewe. Wewe ndiye mwalimu."

Ningeweza kuandika hivyo. Nakiri nilianza kufikiria huyo panya nitampa ukubwa gani. Lakini barua yako ilikuwa imefika asubuhi hiyohiyo. Ikabidi nimwambie kwamba umeagiza shemeji yako ahame, na kwamba yeye mwenyewe alikwisha kuupokea mzigo huo tangu nilipomtajia harufu ya dawa. Maana alijua mara moja ni nani anayenuka dawa yake.

Mama yako aliushika mlango wa gari.

"Yule kijana," akasema, "alikuwa tayari kubeba kitanda chake na mke wake kwa ajili ya mgongo wangu?"

"Alikwisha kuniomba nimwambie mapema atafute chumba."

"Na hakusema?"

"Hakusema."

Akajifuta uso kwa kile kitambaa cha plagi. "Andika," akasema. "Andika yote, hata stuli. Ila mwambie naendelea vizuri."

Nimeandika yote, hata stuli. Hilo la mwisho nimelinukuu kama alivyolisema, lakini silitii saini. Anasema maumivu yanapungua, na mimi naona anashika ukuta anapodhani simwoni. Anasema mguu umekufa ganzi kidogo tu, na mimi nimeona mstari wa chaki. Nimeacha kumshuku Fundi Waya, nimeacha kumshuku shemeji yako, sasa mshukiwa wangu ni mama yako na neno lake "vizuri." Dada yako ameshampigia daktari wa mifupa. Amepata nafasi ya Alhamisi asubuhi.

Ukisoma hapa najua unatafuta begi. Liache. Nakushuku wewe pia, unaona. Ukija sasa utakuwa umemthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuficha, na siku nyingine atalificha jambo kubwa kuliko hili. Mpigie simu. Usianze na mgongo. Muulize Bibi Harusi anaendeleaje, yeye mwenyewe atafika kwenye mgongo.

Sasa nifikie lile ninaloliomba. Alhamisi lazima apelekwe, na barabara ya kwenda huko unaijua, mashimo matupu. Gari la mikate linarusha abiria kama chapati, na teksi nazo kila moja ina springi yake inayolia. Bandani kuna gari lenye kiti kinacholala, chenye joto, ambacho mgongo wake umekwisha kukizoea. Na kwa faida ya somo letu, chaja peke yake haitoshi: betri inataka gari litoke, injini ingurume, iishibishe kwelikweli. Dereva ndani ya nyumba hii ni mmoja.

Jana jioni niliweka ufunguo juu ya meza ya chakula, mbele ya shemeji yako, mbele ya mke wake na mama mkwe wake. Nikamwomba msamaha mimi mwenyewe, kwa jinsi nilivyompangia dalili kama kete za bao. Alinipokea vizuri, akatania kwamba sasa anaelewa kwa nini wanafunzi wangu wote walikonda. Lakini ufunguo hakuugusa. "Si wangu, Mjomba," akasema. "Mwenyewe hajasema." Mama yako akamwambia auchukue. Dada yako akamkanyaga mguu chini ya meza, nikasikia. Hakuuchukua.

Kwa hiyo ninachokirudisha kwako ni hicho tu, ruhusa ya shemeji yako kuuchukua ufunguo. Usiniandikie mimi kwamba umekubali, nimechoka kubeba maneno ya watu wengine kooni. Mwandikie yeye, kwa jina lake, kwa mkono wako.

Dada yako atazipiga picha kurasa hizi akutumie kwa simu, kwa hiyo wino utakufikia kabla haujakauka. Najua atazisoma zote wakati anapiga picha, nami namsalimia hapa hapa katikati ya kazi yake. Fundi Waya anakusalimu, anauliza kama kuna magari mengine huko yaliyozaliwa kinyume. Mama yako anakusalimu kutoka kwenye kiti cha abiria. Siku hizi akitoka huko hukohoa mara moja kwa nguvu akipita dirishani kwangu, nami naenda kupiga magoti mbele ya chaja, nabonyeza kitufe na kusubiri mpaka nione kijani.

Betri imejaa. Ufunguo bado uko mezani, kati ya chumvi na sukari, kila mtu anakula akiuzunguka.

Mungu akutunze wewe na mikono yako, aipe siku ya Alhamisi barabara laini.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda na ninayebonyeza kitufe.